Je, Wajua? Alama za Cheni ya Saa Zinasema Nini

Saa ya cheni hununuliwa ikiwa inameremeta. Baada ya miaka miwili mitatu malalamiko huanza: imechujuka, imekwaruzika, imeshika kutu, imelegea. Mara nyingi lawama zote humwangukia muuzaji. Lakini kila doa lina chanzo chake na kila mkwaruzo una sababu yake, na anayejua kuzisoma alama hizo hujua pia ipi inaondoka kwa maji na sabuni, ipi inataka fundi, na ipi ni ya kuachwa ilivyo. Soma, kisha vua saa yako uitazame mwangani.

CHUMA CHENYEWE

1. Je, wajua kwamba chuma kisichoshika kutu kinaweza kushika kutu? Kinachokilinda ni utando wa oksidi ya kromiamu unaotanda juu yake wenyewe kinapokutana na hewa. Unene wake ni nanomita chache tu. Unywele mmoja wa binadamu unaupita kwa maelfu ya mara. Utando ukiwa mzima, chuma kiko salama. Ukitoboka na kukosa nafasi ya kujiziba, kutu hupata mlango.

2. Utando huo hujitibu. Kwaruza cheni kwa ufunguo: kromiamu iliyofichuka hukutana na oksijeni na utando mpya hutanda karibu papo hapo. Ndiyo maana panga lililonolewa jioni na kuachwa kwenye umande huamka na kutu, ilhali cheni iliyokwaruzwa hubaki na mkwaruzo tu.

3. Ili chuma kihesabiwe katika ukoo huu, sharti kiwe na kromiamu isiyopungua asilimia 10.5.

4. Je, wajua kwamba chuma hiki kilisakwa kwa ajili ya bunduki? Harry Brearley, mtaalamu wa madini wa Sheffield, Uingereza, alikuwa akitafuta chuma cha mitutu kisicholika upesi. Tarehe 13 Agosti 1913 aliyeyusha mchanganyiko wenye kromiamu asilimia 12.8, na visu vya mezani vikawa vya kwanza kufaidi. Mwaka mmoja kabla, 1912, kampuni ya Krupp ya Essen, Ujerumani, ilikuwa imeombea hataza chuma chenye kromiamu pamoja na nikeli. Hicho cha Krupp ndicho babu wa chuma cha cheni za saa za leo.

5. Kilele cha jengo la Chrysler mjini New York, lililokamilika mwaka 1930, kimevikwa chuma cha kromiamu na nikeli. Tangu hapo kimesafishwa mara chache sana, na bado kinameta, kwa sababu mvua hukiosha na upepo hukikausha. Cheni ya saa haina bahati hiyo. Inalala juu ya ngozi inayotoa jasho mchana na usiku, na mvua haifiki kati ya pingili zake.

6. Saa nyingi nzuri hutumia chuma kiitwacho 316L. Kina kromiamu asilimia 16 hadi 18, nikeli asilimia 10 hadi 14, na molibdenamu asilimia 2 hadi 3. Hiyo molibdenamu ndiyo inayopambana na chumvi. Chuma cha 304, ambacho hutengenezewa masufuria, masinki na cheni nyingi za bei nafuu, hakina molibdenamu ya kutegemewa, na ndiyo maana madoa hukiwahi.

7. Rolex ilianza kutumia chuma cha 904L mwaka 1985. Kina molibdenamu asilimia 4 hadi 5 na nikeli nyingi zaidi, na asili yake ni viwanda vya kemikali, kwenye mabomba na matangi yanayopitisha asidi.

8. Je, wajua kwamba sumaku si hakimu wa kuaminika? Watu wengi hupima saa kwa sumaku: ikinasa, wanasema si chuma halisi. Ni kweli kwamba 316L iliyotulia hainaswi na sumaku, lakini vyuma vya ukoo huu vikikunjwa, kupigwa na kuvutwa vikiwa baridi, hasa 304, sehemu ya umbo lake la ndani hubadilika na kuanza kunasa kidogo. Mnaso hafifu kwenye kona ya kifungio si ushahidi wa kuibiwa.

MADOA NA RANGI

9. Mteja humwambia fundi, "Fundi, cheni yangu imeshika kutu." Fundi akiifungua, mara nyingi hukuta kwamba pingili ni nzima na kilichooza ni pini. Pini za ndani na zile za springi zinazoshika cheni kwenye mwili wa saa huweza kuwa za chuma duni kuliko cheni yenyewe. Kutu yake huyeyuka kwenye jasho, ikachuruzika hadi nje na kukauka juu ya pingili. Pini mpya ni bei ndogo; kutupa cheni nzima kwa kosa la pini ni hasara ya bure.

10. Jasho lina chumvi kidogo kuliko maji ya bahari, lakini lina hila yake: maji yake hukauka na chumvi hubaki. Kesho jasho jipya huongeza chumvi juu ya chumvi. Baada ya wiki kadhaa, tone dogo lililojificha kati ya pingili mbili huwa kali kuliko jasho lililotoka kwenye ngozi.

11. Je, wajua kwamba kutu ya cheni hupenda mahali usipopaona? Katika upenyo mwembamba hewa haipiti. Oksijeni kidogo iliyomo ikiisha, utando hauna cha kujizibia. Kloridi ya chumvi hujikusanya humo, unyevu unageuka kuwa na asidi, na chuma huanza kuliwa kutoka ndani huku uso wa nje unang'aa. Ukiona doa la kahawia kwenye mstari ambapo pingili hukutana, chanzo chake kiko ndani zaidi ya hapo unapopafuta.

12. Maji ya bahari yana chumvi gramu zipatazo 35 katika kila lita. Tena, kadiri maji yanavyokuwa na joto ndivyo kloridi inavyopata nguvu ya kuutoboa utando. Kwa hiyo anayeogelea na saa Mombasa, Tanga au Muscat anaitesa cheni yake kuliko anayeogelea kwenye bahari za baridi za Ulaya Kaskazini. Dawa yake haina gharama: maji baridi ya bomba mara tu unapotoka baharini, kabla chumvi haijakauka.

13. Ile nailoni ya kiwandani inayobandikwa kwenye kifungio cha saa mpya, ambayo wengi hawaibandui ili saa ibaki mpya, ndiyo inayoizeesha. Kingo zake zikianza kuachia, jasho huingia chini yake na halitoki. Hewa haifiki, chumvi inakaa, na siku nailoni inapobanduka, chini yake kuna ramani ya vidoadoa. Bandua siku ile ile uliyonunua.

14. Jiki na dawa nyingine za kung'arisha nguo nyeupe zina hipokloriti ya sodiamu. Kufua na saa mkononi, au kuiloweka cheni kwenye dawa hiyo ili "itakate", ni kuupiga utando mahali unapouma. Alama yake ni vitobo vidogo vyeusi vilivyotawanyika, na vitobo haviondoki kwa kusugua, kwa kuwa pale chuma hakipo tena. Dawa za choo zenye asidi ya hidrokloriki ni mbaya zaidi.

15. Je, wajua kwamba stilwaya ya kusugulia masufuria hupanda kutu kwenye cheni? Nyuzi zake kwa kawaida ni za chuma cha kawaida. Ukisugulia cheni, vipande visivyoonekana kwa macho hubaki vimenasa kwenye mikwaruzo. Siku chache baadaye vinashika kutu, na mwenye saa anaapa kwamba cheni ni bandia. Kutu ni ya stilwaya. Cheni imebebeshwa mzigo usio wake.

16. Rangi za upinde kwenye chuma hazijapakwa na mtu. Chuma kikipata moto, utando wake wa oksidi hunenepa, na mwanga unaorudi kutoka juu ya utando hukutana na ule unaorudi kutoka chini yake, rangi zikazaliwa. Kwa chuma cha aina hii, njano iliyopauka huanza karibu nyuzi 290 za Selsiasi, kahawia karibu 390, na buluu karibu 540. Hakuna jua la kufikia hapo. Cheni yenye buluu karibu na kiungo imepitia moto wa kuchomelewa au mashine ya kung'arishia iliyokandamizwa kwa pupa. Lakini ioshe kwanza kabla ya kutoa hukumu, maana utando wa mafuta au wa sabuni nao huonyesha rangi zizo hizo.

17. Doa la kijani ni habari nyingine kabisa. Kijani hutoka kwenye shaba, na chuma hakitoi kijani. Cheni inayoacha kijani mkononi, au inayoota ukoga wa kijani kwenye kingo, mara nyingi ni shaba nyeupe au shaba ya njano iliyopakwa kromiamu au nikeli, na mpako umekwisha kulika.

18. Je, wajua maana ya maneno STAINLESS STEEL BACK nyuma ya saa? Kifuniko cha nyuma peke yake ndicho cha chuma kisichoshika kutu. Mwili wa saa unaweza kuwa wa madini mengine yaliyopakwa, na cheni vilevile. Anayenunua kwa kusoma maneno mawili ya kwanza na kuruka la tatu amenunua asichokusudia.

19. Mkono kuwa mweusi chini ya cheni mpya si lazima iwe dalili ya ubovu. Cheni huweza kutoka kiwandani ikiwa na mabaki ya dawa ya kung'arishia, na jasho la siku za kwanza huyatoa. Ioshe vizuri kwa sabuni mara mbili tatu. Weusi ukiendelea baada ya hapo, tafuta sababu kwenye vumbi la kati ya pingili au kwenye poda na mafuta unayopaka.

20. Kuna alama inayotokea kwenye ngozi badala ya chuma: vipele na muwasho. Baadhi ya watu miili yao haipatani na nikeli. Umoja wa Ulaya ulitunga sheria juu ya jambo hili mwaka 1994, na kikomo kinachotumika kwa vitu vinavyogusa ngozi kwa muda mrefu ni mikrogramu 0.5 za nikeli kwa kila sentimita mraba kwa wiki. Chuma cha 316L kilicho kizima hushikilia nikeli yake kwa nguvu na hutoa kidogo mno. Cheni ya madini yaliyopakwa nikeli haina uaminifu huo. Kabla ya kulaumu chuma, kumbuka pia kwamba uchafu na sabuni iliyobanwa chini ya cheni huweza kuwasha ngozi hata ya mtu asiye na tatizo la nikeli.

MIKWARUZO

21. Je, wajua kwamba vumbi la barabarani ni gumu kuliko saa yako? Kwa kipimo cha Vickers, ugumu wa 316L ni kama 150 hadi 200. Madini ya kwatsi, yanayojaa kwenye mchanga wa kawaida, hupita 1,000. Punje moja ikibanwa kati ya cheni na meza inatosha kuchora mstari. Kwa hiyo meza ya mbao haiikwaruzi cheni. Kinachokwaruza ni mchanga ulioletwa na upepo ukatua juu ya meza hiyo.

22. Mchanga haulingani. Ule mweupe wa fukwe za mashariki ya Unguja umetokana zaidi na matumbawe na makombe yaliyosagika, yaani kalsiamu kaboneti, ambayo ni laini kuliko chuma cha cheni. Mchanga wa mito, wa ujenzi na wa barabarani ndio wenye kwatsi nyingi. Fundi mwashi anayevaa saa kazini huichosha kwa mwezi kuliko mvuvi wa Paje, kwenye fukwe hizo za Unguja, kwa mwaka, ingawa mvuvi naye ana vita vyake na chumvi.

23. Mahali panapokwaruzika kwanza ni kifungio, kwa sababu ndicho kinacholala juu ya meza unapoandika, unapokula na unapobonyeza kompyuta. Kifungio kilichochakaa kwenye saa yenye uso safi ni jambo la kawaida kabisa. Lililo la kutilia shaka ni kinyume chake: muuzaji wa mitumba akikuonyesha saa ya "miaka thelathini" yenye kifungio kisicho hata mstari mmoja, uliza kama kifungio hicho kilizaliwa na saa hiyo.

24. Uso uliofifishwa, ule wenye mistari ya hariri, umetengenezwa kwa mikwaruzo. Ni maelfu ya mistari midogo iliyopigwa kuelekea upande mmoja. Mkwaruzo mpya huonekana pale tu unapokata mistari hiyo. Uso unaong'aa kama kioo hauna pa kuficha kitu, na ndiyo maana pingili za katikati zinazong'aa huonekana zimechoka mapema kuliko za pembeni, hata kama zimekwaruzwa sawasawa.

25. Je, wajua kwamba cheni ya saa hula dhahabu? Dhahabu ya karati 22 ni laini kuliko chuma. Dada anayevaa bangili za dhahabu na saa ya cheni kwenye mkono mmoja anazipiga msasa bangili zake siku nzima, na gramu zinazopotea hazirudi kwa sonara. Saa mkono mmoja, bangili mkono mwingine.

26. Baadhi ya watengenezaji huukaza uso wa chuma. Sinn ya Frankfurt, Ujerumani, hufikisha uso wa vyuma vyake vilivyokazwa kwenye Vickers 1,200, hivyo mchanga hupata kazi. Lakini kilicho chini ya uso huo ni chuma kilekile laini. Pigo zito la ukingo wa mlango hubonyeza vyote viwili, kama ganda la yai juu ya ute wake.

27. Rangi ya dhahabu kwenye saa nyingi za kisasa haina dhahabu nyingi, na nyingine haina kabisa. Kinachong'aa huweza kuwa ni titani naitraidi, kitu kigumu sana chenye rangi ya dhahabu, kilichotandazwa kwa unene wa mikroni chache. Hulika kwanza kwenye kingo na kwenye kifungio, na chuma cheupe huchungulia. Hapo hakuna kung'arisha kunakosaidia: kila unavyosugua, cheupe huongezeka.

28. Rado ya Uswisi ilitoa DiaStar mwaka 1962, saa yenye mwili mgumu uliokusudiwa usikwaruzike, na mwaka 1986 ikatoa saa yenye kauri kwenye cheni. Kauri haiogopi mchanga wala chumvi. Inachoogopa ni sakafu ya saruji: chuma kikianguka hubonyea, kauri ikianguka huweza kupasuka.

CHENI INAPOLEGEA

29. Je, wajua kwamba cheni iliyolegea haijavutika? Chuma hakirefuki kwa kuvaliwa mkononi. Kilichotokea ni kwamba pini zimelika na matundu yake yamepanuka. Piga hesabu: cheni yenye maungio 20, kila ungio likilegea kwa sehemu ya kumi ya milimita, cheni nzima imeongezeka milimita 2, na hakuna pingili hata moja iliyobadilika urefu.

30. Tazama fundi anapotoa pini ya cheni iliyovaliwa miaka mingi bila kuoshwa. Anailaza cheni kwenye kibao chenye mfereji, anaelekeza sindano ya chuma kwenye tundu, anagonga kwa nyundo ndogo mara mbili. Pini inachomoza ikiwa imevaa uji mweusi. Akiufuta kwa kitambaa, katikati ya pini panaonekana kiuno: pale pingili ilipokuwa ikicheza, chuma kimekuwa chembamba. Uji ule ni ngozi iliyokufa, mafuta ya mwili, sabuni, vumbi, na unga wa chuma chenyewe. Kila mkono ulipokunjwa, uji huo ulikuwa kazini ukisaga.

31. Kwa hiyo anayeosha cheni yake haoshi kwa ajili ya sura tu. Anaondoa kinachosaga.

32. Saa inayocheza mkononi huchakaa haraka kuliko iliyokaa sawa, kwa kuwa kila mtikiso huzipigisha pingili. Ikikaa vizuri, ncha ya kidole kidogo hupita chini ya kifungio bila kulazimishwa, na saa haizunguki hadi upande wa kiganja.

33. Seiko 5, saa ambayo wazee wengi wa Afrika Mashariki na Ghuba waliivaa kwa fahari, ilizaliwa Japani mwaka 1963 ikiwa na sifa tano: kujijaza yenyewe, siku na tarehe kwenye dirisha moja, kuhimili maji, kitufe kilichofichwa upande wa tarakimu 4 ya uso, na ya tano, mwili na cheni vilivyojengwa kudumu. Cheni ilihesabiwa pamoja na mashine.

34. Zamani pingili nyingi zilikuwa za bati la chuma lililokunjwa, tupu ndani. Zilikuwa nyepesi na za kupendeza mkononi, lakini zilibonyea na kulegea upesi. Cheni nyingi nzuri za leo zina pingili zilizojaa, na uzito unaousikia ukiishika ni chuma cha kulika kwa miaka mingi zaidi.

35. Je, wajua kwamba saa maarufu mara nyingi zilivaa cheni za fundi mwingine? Gay Frères ya Geneva, iliyoanzishwa mwaka 1835, ilizitengenezea cheni kampuni nyingi za Uswisi, hadi Rolex ilipoinunua mwaka 1998.

36. Zile cheni za kuvutika, zinazopita kiganjani bila kufunguliwa, zilipata umaarufu mkubwa Marekani kupitia Speidel, iliyotoa Twist-O-Flex mwaka 1959. Ndani yake kuna springi nyingi ndogo zilizojificha, na kila springi ni upenyo wa kuhifadhi chumvi. Hizi zinahitaji kuoshwa zikiwa zimevutwa, na kukaushwa zikiwa zimevutwa.

37. Mishale midogo iliyochorwa upande wa ndani wa cheni huonyesha pini inatokea wapi. Ukigonga kinyume chake unaharibu tundu, na tundu lililoharibika halishiki pini tena.

38. Skrubu ya chuma kisichoshika kutu ndani ya tundu la chuma hichohicho huweza kung'ang'ania ghafla. Msuguano hukwangua utando, chuma kitupu kinakutana na chuma kitupu, na vikashikana. Bisibisi inayoenea sawasawa kwenye mfuo na mkono usio na haraka huokoa cheni nyingi.

USAFI NA UKARABATI

39. Anza na uzuiaji wa maji. Maandishi 30M nyuma ya saa hayakuruhusu kuzamia mita 30. Yanahusu matone ya mvua na kunawa mikono. Kama saa ni ya zamani au huna hakika, ondoa cheni na uioshe peke yake. Kama inahimili maji, hakikisha kitufe cha pembeni kimefungwa barabara.

40. Je, wajua kwamba vifaa bora vya kusafishia tayari viko nyumbani? Maji ya uvuguvugu, matone machache ya sabuni ya vyombo, na mswaki laini uliostaafu. Sugua upande wa ndani kuliko wa nje, kunja pingili moja moja ili mswaki ufike kwenye maungio, suuza kwa maji mengi, kisha kausha kwa kitambaa laini na uiache hewani. Mara moja kwa wiki inatosha. Kwa anayefanya kazi ya jasho au anayeogelea baharini, suuza kila siku.

41. Dawa ya meno ina chembe za kusugulia. Brasso nayo imetengenezwa kukwangua ukoga wa shaba. Vyote viwili huukwaruza uso unaong'aa kama kioo, na kwenye uso uliofifishwa huacha baka linalometa pasipotakiwa kumeta. Magadi soda ya kuokea mikate, yaliyokorogwa na maji kidogo, ni laini kuliko chuma na huondoa doa jepesi bila kuacha mstari.

42. Mashine za mtikiso wa sauti wanazotumia masonara na mafundi wakubwa hutoa uchafu mahali mswaki usipofika: mawimbi hutengeneza vipovu vidogo majini, na vikipasuka hukung'uta uji mweusi kutoka kwenye maungio. Cheni ndiyo inayoingia humo. Saa yenyewe hubaki nje.

43. Viwandani, chuma hiki huoshwa kwa asidi ya nitriki au ya sitriki ili kuondoa chembe za chuma cha kawaida zilizonasa juu yake na kuuacha utando utande upya. Ni kazi ya wenye vipimo na vifaa; usiijaribu kwenye beseni la nyumbani.

44. Kila kung'arisha ni kupunguza. Mashine haijazi mkwaruzo. Inashusha chuma kinachouzunguka hadi kiwe sawa na kina chake. Mwaka 1972 Audemars Piguet ilitoa Royal Oak, saa ya chuma iliyochorwa na Gérald Genta, ambayo uzuri wa cheni yake umo katika nyuso zilizofifishwa zinazokutana na kingo zinazong'aa. Ikipitishwa kwenye mashine na mtu asiyejua, kingo huviringika na mpaka kati ya nyuso hufutika. Wakusanyaji wa saa hulipa zaidi kwa cheni yenye mikwaruzo na kingo kali kuliko kwa iliyong'arishwa hadi ikapoteza umbo.

45. Kwa hiyo kabla ya kusema "Fundi, ipige kioo," mwulize mambo matatu: atazikinga vipi kingo, ataurudishaje mstari wa uso uliofifishwa, na je, kuosha tu hakutoshi? Fundi mwaminifu mara nyingi ataanza na hilo la tatu.

46. Sasa chukua saa yako. Kahawia kwenye maungio: osha, kisha kagua pini. Vitobo vyeusi: chumvi au dawa ya kufulia imekwisha fanya kazi, zuia visiongezeke. Kijani: mpako umekwisha, na cheni haikuwa ya chuma. Kulegea: pini mpya zikiwahi, matundu yatasalimika. Mikwaruzo ya kawaida: iache, kwa sababu kuiondoa kunakula chuma kuliko ilivyokula yenyewe.

47. Na hili ndilo la kushika kuliko yote. Maadui wakubwa wa cheni ni chumvi iliyoachwa ikauke na mchanga ulioachwa ukae, na vyote viwili hutoka kwa maji baridi na dakika tano. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwa cheni ya saa, ukuta huo ni pini, matundu na pingili ambazo fundi hawezi kuzirudisha zilivyokuwa.